Makopo ya Bi Rukia na Mfuko wa Mama Mchungaji

Anayesoma haya akiwa na uzi mapajani, kwanza akanawe mikono. Na wewe uliyekula mihogo ya kukaanga njiani, usijifanye husikii. Uzi ukishaingia mafuta umeingia, na mimi sitaki kuletewa mfuko wenye alama za vidole halafu niambiwe, "Bibi, ulikuja hivyohivyo kutoka dukani."

Mabinti wa chuo pale Makumira mnaonijia hapa Kikwe kila Jumamosi, mmeniomba niwaandikie jinsi ya kufuma mfuko kwa mabaki ya nyuzi, maana mnadai nikieleza kwa mdomo naruka huku na huku. Haya, nimeandika. Nitaruka vilevile, kichwa ni kilekile.

Zaidi ya miaka thelathini nimefanya kazi katika karakana ya masweta mjini Arusha. Masweta ya shule. Kila shule ina rangi yake, na kila mwalimu mkuu anaamini rangi ya shule yake ilishuka kutoka mbinguni. Wengine nevi bluu yenye mstari mweupe, wengine damu ya mzee yenye mstari wa njano, wengine kijivu kitupu. Za chekechea ndizo zilikuwa balaa: chungwa, pinki, kijani kibichi cha kuumiza macho. Hadi leo nikipita Olasiti asubuhi nikamwona mtoto kwa mgongo tu, nakutajia shule yake, na nakwambia kama sweta hilo limefumwa kwetu au kwa wale wapinzani wetu wenye shingo zinazolegea.

Mimi nilianza kwa kufagia. Kroshia nilifundishwa na Bi Rukia, mwanamke wa Tanga aliyeletwa Arusha na ndoa. Mume akafariki, watoto hakujaliwa, akabaki na chumba kimoja Kaloleni na mikono yake. Mashine zilifuma mwili na mikono ya sweta, yeye akamalizia kwa mkono: shingo, matundu ya vifungo, kingo. Alikuwa na mwili mdogo na sauti kubwa, na hakuwa mtu wa kusifu. Siku aliyoniambia kazi yangu "haijamuudhi", nilifika nyumbani nikamsimulia mume wangu kabla sijavua viatu.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Utotoni nilichapwa sana kwa ajili hiyo, nikaacha kula kwa kushoto, nikaacha kusalimia kwa kushoto, lakini kroshia ikakataa katakata kwenda kulia. Bi Rukia alihangaika nami wiki nzima. Mwisho akavuta kigoda akaketi mbele yangu, uso kwa uso, magoti yanagusana. "Usinifuate ukiwa ubavuni," akasema. "Nitazame kama unavyojitazama kwenye kioo." Mkono wake wa kulia ukaelekeana na wangu wa kushoto, na siku hiyohiyo nikatoa cheni yangu ya kwanza isiyotia aibu. Kwa hiyo wewe binti wa mkono wa kushoto, acha kugeuza simu kichwa chini ili ufuate video. Keti mbele ya mtu.

Bosi wetu alikuwa mtu wa haki, lakini kwa uzi alikuwa bahili hasa. Kipande cha urefu wa kidole alikiokota. Mwaka ule mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, mji mzima ulihaha, watu wakatoka sokoni na nyanya ndani ya kofia. Bosi akaingia karakana akisugua viganja. "Mabaki yote," akatangaza, "mifuko!"

Mfuko wa kwanza nilifuma mimi, na naona aibu kusimulia, lakini nasimulia. Niliufuma kwa dabo, ile mishono mirefumirefu yenye matundu, ukaisha upesi, ukatoka mwepesi, una mistari, unapendeza. Bosi akaubeba mwenyewe hadi soko la Kilombero ili watu wauone. Akatia viazi, vitunguu na chane ya ndizi mshare. Anatoka sokoni, mfuko uko usawa wa kiuno. Anafika barabarani, uko magotini. Anaingia langoni kwetu, mkono ameunyoosha juu kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali, na mfuko bado unaburura chini. Viazi vilikuwa vinachungulia kwenye matundu na kudondoka kimoja kimoja, na nyuma yake kuku wa jirani wanafuatana naye kwa heshima zote.

"Elitruda," akasema, "huu ni mfuko au ni wavu wa goli?"

Basi shikeni hili. Mfuko haufumwi kama kitambaa cha kochi. Chagua sindano ya kroshia ndogo kuliko ile ambayo mkono wako unaipenda, na ufume singo, ile fupi ya kukaza, hata kama inachosha. Kitako fuma kwa nyuzi mbili kwa pamoja. Anza na cheni yenye upana wa mfuko wenyewe, zunguka juu yake, ukirudi pita chini yake, uzunguke tena hadi kitako kitoshe, ndipo upandishe kuta. Mkanda wa kubebea ufume kwa urefu wake, si kwa upana, na usiushikize mdomoni mwa mfuko tu. Ushushe ubavuni hadi chini na uushone humo, ili uzito ubebwe na mkanda. Rangi badilishia ubavuni, usifunge mafundo katikati, mkia wa uzi upenyeze ndani ya mistari angalau mara tatu. Uzi uliofumuliwa kutoka sweta kuukuu hujikunja kama tambi; uloweke, utundike na jiwe dogo chini, ukikauka utakuwa na adabu. Na uzi wa sufu ya kweli usiuchanganye na ule wa kiwandani. Nimewahi kufua mfuko wa namna hiyo kwa maji ya moto, ukatoka kofia.

Sasa nirudi kwa Bi Rukia, kwa sababu bila yeye hakuna mfuko.

Miaka ile alianza mambo madogo madogo. Sindano alinipa mimi nimtungie uzi, akisema taa ya karakana imechoka. Kikombe cha chai alikipapasa kabla ya kukishika. Ukimpungia mkono kwa mbali haitiki, nasi tukasema, hayo ni maringo ya Kitanga. Sikushtuka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kusoma Biblia kwa kuisogeza mbali mpaka mkono unaisha.

Halafu kulikuwa na makopo. Makopo manane makubwa ya maziwa ya unga, yamepangwa ukutani kuanzia pembeni mwa kiti chake, kila kopo na rangi yake ya mabaki. Hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Ukiomba uzi anakuchotea mwenyewe, bila hata kugeuza shingo. Tulimsifu kwa hilo. Nyuzi za masweta ya shule zote zinatoka kiwanda kimoja, unene mmoja, ukizipapasa gizani huwezi kujua hii ni ipi. Na kazi ambayo haijaisha aliifunika kwa kanga mapajani, akafuma humohumo chini ya kanga. Alisema macho ya watu yanaharibu kazi changa. Hakuna aliyethubutu kuchungulia.

Mjue pia kwamba pale kwetu mtu alikuwa haachishwi kazi kwa maneno. Mzee Anaeli wa mashine ya pili alipoanza kutetemeka mikono, Bosi alituma soda na keki, tukala, tukapiga makofi, na kesho yake Mzee Anaeli hakuja. Bi Rukia alikunywa ile soda hadi nusu, akaiweka chini. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Mimi siku wakiniletea hiyo soda, nitakwenda wapi? Nikae chumbani nihesabu mabati?" Nikamwambia yeye atafuma mpaka afikie miaka mia. Sikujua ninaongea na mtu anayeogopa kwa dhati.

Ndipo Mama Mchungaji wa usharika mmoja wa huku Meru akaja kuagiza mfuko. Alitaka wa kubebea Biblia na kitabu cha nyimbo. "Rangi za heshima," akasema. "Kijivu, maziwa, na damu ya mzee kidogo. Nisitazamwe mimi akaachwa mhubiri." Bosi akampa kazi hiyo Bi Rukia, na Mama Mchungaji akaambiwa aje kuuchukua Alhamisi ya wiki inayofuata, saa kumi.

Jumamosi tukafanya usafi mkubwa. Bi Rukia alikuwa ameondoka mapema. Mimi, kwa kiherehere changu, nikasogeza yale makopo nikafagia mpaka nyuma yake, nikatoa vumbi la miaka na mjusi mmoja mkavu. Kisha nikayarudisha kwa urembo: rangi za chekechea mbele, karibu na kiti, mtu akiingia azione zinang'aa, na zile za kiza nikazipeleka mwisho. Nikajipongeza. Jumapili nikapata taarifa ya msiba kwa wifi yangu huko Nkoaranga, nikakaa huko hadi Jumatano jioni.

Alhamisi asubuhi naingia kazini, Bi Rukia ananiita. "Elitruda, njoo uone kazi." Akafunua kanga.

Nikasema, "Loo!"

Yeye akadhani nasifu.

Jamani, ulikuwa chungwa, pinki na kijani kibichi, mistari juu ya mistari, unawaka. Ungeusimamisha barabarani magari yangepunguza mwendo. Bi Rukia akaupapasa taratibu, amejaa furaha. "Umetulia, eh? Nimeweka maziwa katikati ili damu ya mzee isizidi." Na kidole chake kilikuwa juu ya pinki.

Nikatazama makopo. Nikatazama macho yake, safari hii nikayatazama kwelikweli, nikaona ule ukungu mweupe katikati ya mboni. Bi Rukia alikuwa haoni, tena si tangu jana, na mimi ndiye niliyemwondolea macho yake pale ukutani kwa ufagio.

Ningemwambia? Karakana nzima ingesikia, mashine zetu zilikuwa zimebanana. Ikifika saa kumi Bosi angejua, na soda ingekuja. Nikasema, "Ni mzuri sana, Bi Rukia," nikaenda chooni nikakaa humo mpaka mtu akagonga.

Mpango wangu ulikuwa mmoja tu: nimvizie Mama Mchungaji langoni, nimwambie mfuko bado, nipate wiki moja ya kufuma mwingine. Saa tisa na nusu nikasimama langoni nikijifanya nanunua mkaa. Nilinunua mkaa kweli, gunia zima, kwa sababu muuzaji alinichoka. Mama Mchungaji akaingia kwa mlango wa nyuma. Ninageuka, Bosi ameshaubeba mfuko mlangoni kwenye jua, kama alivyozoea kukagua kila kitu, na wote wawili wametoa macho.

Mama Mchungaji alikuwa mtu wa sauti ya chini. "Mwanangu," akamwambia Bosi, "nikiingia na hii kanisani, kwaya itasahau wimbo."

"Ni mimi!" nikaja mbio, mikono imejaa masizi. "Bosi, nisamehe, huo nimefuma mimi. Nilichanganya rangi. Nilikuwa na mawazo ya msiba."

Bosi akavuta pumzi ya kunifokea. Lakini ndani, kwenye kile kiti, Bi Rukia akasimama.

"Nani kafuma?"

"Mimi, Bi Rukia," nikasema, nikimkonyeza. Namkonyeza mtu asiyeona! Akili gani hiyo.

"Muongo mkubwa we! Bosi, shika huo ukingo. Shika kwa vidole. Elitruda tangu azaliwe amewahi kufuma ukingo ulionyooka? Kingo zake zinapanda na kushuka kama njia ya mlimani! Hiyo ni kazi yangu. Kasoro iko wapi?"

"Rangi, Bi Rukia," Bosi akasema.

"Rangi zina nini? Kijivu, maziwa, damu ya mzee. Si ndizo alizotaka mwenyewe?"

Mashine zikazimwa moja moja. Sijawahi kusikia karakana ile imenyamaza vile mchana. Mama Mchungaji akaenda mpaka mbele yake. "Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba."

"Mimi leo nimevaa rangi gani?"

Bi Rukia akainua kidevu. "Nyeusi," akajibu. "Mke wa mchungaji atavaa nini tena?"

Alikuwa amevaa kitenge cha njano chenye bata wakubwa wa bluu. Hakuna aliyecheka. Bi Rukia akausikia ule ukimya, akauelewa. Akajifunika uso kwa kanga. "Elitruda mwanangu," akasema humo ndani, sauti imekuwa ndogo, "nitafutie viatu vyangu."

Na Bosi, kwa wakati huohuo, anamwita binti wa jikoni: "Hebu lete soda!"

Mimi huwa simjibu mkubwa wangu wa kazi, lakini siku ile nilipasuka. "Hiyo soda isije! Makopo nimeyahamisha mimi! Miaka yote hii amefuma bila kuona na hukuwahi kurudishiwa hata kola moja. Ukimpa soda na mimi nipe yangu, tuondoke wote!"

Bosi akanitazama, mdomo wazi. "Soda ni ya Mama Mchungaji," akasema. "Mgeni asinywe kitu, kwa kuwa nyinyi mnapiga kelele?"

Nikabaki nimesimama na masizi yangu.

Mama Mchungaji wala hakusubiri soda. Alimshusha Bi Rukia ile kanga usoni, akamgeuzia kwenye mwanga. "Huu ni mtoto wa jicho," akasema. "Mama yangu alikuwa nao macho yote mawili. Wakautoa, na siku hizi anaona hadi yasiyomhusu kwa jirani." Akasema atampeleka hospitali mwenyewe. Bosi akakuna kichwa, akasema nafasi ya Bi Rukia haigusi mtu mpaka arudi. "Akiona," akaongeza, halafu akainamisha kichwa, na nusu ya pili ya sentensi hiyo hakuisema.

Shida sasa ikawa Bi Rukia mwenyewe. Hataki. Eti atobolewe jicho na daktari aliyezaliwa juzi! Afadhali ukungu wake aliouzoea. Mama Mchungaji akambembeleza, mimi nikalia, wapi. Mwisho nikamwambia, "Sawa, kaa. Mama Mchungaji bado anataka mfuko wake. Nitamfumia mimi, kwa mkono wangu, na watu wakiuliza nitasema kafuma Bi Rukia."

Akanigeuzia sikio. "Na ukingo?"

"Na ukingo wangu huohuo."

"Hospitali ni siku gani?" akauliza.

Ule mfuko wa rangi za chekechea Mama Mchungaji aliukataa kabisa, nikauchukua mimi. Ndio huo mnaoupiga picha hapa barazani na kuniambia, "Bibi, hii imeenda hiyo!" Mmoja wenu alitaka nimfumie unaofanana nao, nikamjibu haiwezekani. Mwenye akili timamu akiona hizo rangi pamoja mkono unakataa.

Siku ya kumfungua jicho nilikwenda hospitali nimeubeba, chupa ya mtori ndani yake. Nimesema na nitasema tena, haukushuka hata inchi, kwa sababu mkanda ulikuwa umeshonwa mpaka kitakoni. Njia nzima nilikuwa nasali. Kama jicho lile likikataa, lile la pili hatakubali liguswe, na hiyo nusu ya sentensi ya Bosi tutaisikia. Nesi akabandua plasta taratibu, akamfuta, akamwambia fungua. Bi Rukia akafungua, akapepesa, machozi yanamtiririka. Mimi nimesimama mbele yake na mfuko mkononi. Akatazama chini, kwenye mkono wangu.

"Huo ni nini?"

"Mfuko."

"Naona ni mfuko!" Akaona! "Nauliza, kituko hicho kafuma nani?"

"Wewe, Bi Rukia."

Akaunyakua. Akausogeza karibu, akausogeza mbali, akapitisha kidole ukingoni kote mpaka akarudi alipoanzia. "Ukingo umenyooka," akasema. Kisha, "Astaghfirullah. Na watu wameuona?"

"Wote. Na Mama Mchungaji."

Akauweka mapajani, akaufunika kwa shuka la hospitali. Halafu akainua uso akanitazama mimi. Akanitazama sana, kipaji cha uso, mashavu, nywele zilizotokeza kwenye kilemba, akainua mkono akanigusa hapa pembeni ya jicho penye mikunjo.

"Elitruda."

"Abee."

"Mbona umezeeka hivi, mwanangu, na hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia kwamba huoni?"

Nikaanza kulia palepale, mtu mzima na kilemba changu, mbele ya wodi nzima, na nesi akasema tusimtikise mgonjwa. Bi Rukia akanishika mkono, akaniacha nilie, akawa ananitazama tu, hataki hata kupepesa.